Nani anasikiliza kwenye kompyuta yako? Kutafuta na kuzima huduma za mtandao zisizo na kazi

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilisambaa kwa siku chache katika nchi zaidi ya 150. Kilifunga mafaili ya hospitali za Uingereza, viwanda na ofisi, kisha kikadai fidia. Kirusi hicho hakikuhitaji mtu afungue kiambatisho wala abofye kiungo. Kilitosheka na kompyuta iliyowashwa, iliyo kwenye mtandao, na ambayo ndani yake huduma ya kushirikisha mafaili ilikuwa ikisikiliza kwenye poti 445 (poti ni mlango wenye namba ambao huduma hupokelea mawasiliano) kwa kutumia toleo la kwanza la itifaki ya SMB. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani rekebisho la tundu hilo, tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Aliyeweka kiraka mapema alipona. Aliyekuwa ameizima SMB ya kwanza kwa sababu haitumii, alipona hata bila kiraka.

Ndiyo maana naona kazi hii inastahili muda wako. Kiraka hutolewa baada ya mtu kugundua tundu. Huduma iliyozimwa haina tundu la kugunduliwa.

Mwongozo huu ni kwa anayetunza kompyuta yake mwenyewe, au kompyuta chache za ofisi ndogo, shule au duka la steshenari, mahali pasipo na mtaalamu wa mtandao wa kudumu. Mifano mingi ni ya Windows 10 na 11, na kuna sehemu ya Linux mbele. Majina ya vitufe na amri nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kabla ya yote, achana na zile orodha za huduma thelathini au hamsini za kuzima kwa mkupuo. Zinachanganya huduma za mtandao na zisizo za mtandao. Mwandishi wake hajui kama wewe una printa, na ukizima vitu kumi kwa pamoja halafu sauti au Wi-Fi ikapotea, hutajua kipi kimesababisha. Anza na kinachosikiliza kwenye kompyuta yako. Kitambue, jiulize ni nani anakitumia, kizime peke yake, fanya kazi siku nzima, ndipo uende kwenye kingine. Kwa kila huduma unayoigusa, andika jina lake na hali iliyokuwa nayo mwanzoni. Daftari la kawaida linatosha.

Tazama kwanza

Bofya Start, andika cmd, kisha chagua Run as administrator. Kwenye dirisha linalofunguka andika:

netstat -ano | findstr LISTENING

Kila mstari una anwani na poti, na mwishoni kuna namba ya mchakato inayoitwa PID. Ukitaka kujua namba hiyo ni ya nani, tuseme 1234, andika:

tasklist /svc /fi "PID eq 1234"

Hiyo /svc ni muhimu. Huduma nyingi za Windows hukaa ndani ya svchost.exe, na bila /svc utaona jina hilo tu likijirudia bila kujua ndani yake kuna nini. Kumbuka pia kwamba amri ya kwanza haikuonyeshi UDP (njia ya kutuma data bila kufungua muunganisho kwanza), kwa sababu UDP haina hali ya LISTENING. Kwa hiyo ongeza netstat -ano -p udp.

Sasa isome anwani kabla ya kusoma poti. Hapa ndipo wengi wanapotishika bure au kutulia bure. Mstari unaoanza na 127.0.0.1 ni programu inayozungumza na programu nyingine ndani ya kompyuta hiyohiyo. Jirani yako kwenye Wi-Fi hawezi kuifikia. Mstari unaoanza na 0.0.0.0, au [::] kwa IPv6, maana yake ni kwamba huduma inasikiliza kwenye kadi zote za mtandao: waya, Wi-Fi, modemu, yoyote iliyopo. Ukiona 192.168 au 10, huduma inasikiliza kwenye kadi hiyo moja tu. Muda wako upeleke kwanza kwenye 0.0.0.0.

Kusikiliza si lazima kuwe na maana ya kufikiwa, kwa sababu fayawoli ya Windows inaweza kuwa imemzuia mgeni mlangoni. Uhakika unaupata ukitazama kutoka kompyuta nyingine ya mtandao huohuo kwa nmap, programu ya kukagua poti zilizo wazi, kwa mfano nmap -p- 192.168.1.10. Fanya hivyo kwa mitambo yako au uliyoruhusiwa kuikagua. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018, na kisingizio cha kujifunza hakitakusaidia ukikutwa unapapasa seva za watu.

Dalili: orodha imejaa namba usizozijua

Usianze kuzima. Kompyuta mpya kabisa ya Windows ina namba kadhaa wazi.

Poti 135 ni ya RPC, mfumo ambao sehemu za Windows hutumia kuitana. Mwezi Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilipitia hapo, na watumiaji wa Windows XP wakawa wanaona kompyuta zikihesabu sekunde 60 kisha kujizima na kujiwasha upya. Hata hivyo huduma ya Remote Procedure Call haizimwi. Windows haiwezi kuishi bila hiyo. Dawa yake ni fayawoli. Namba zinazoanzia 49664 kwenda juu kidogo ni za RPC pia: lsass, wininit, kumbukumbu za matukio, ratiba za kazi, na mara nyingi spoolsv ya printa. Ziache. Poti 5040 ni ya huduma ya vifaa vilivyounganishwa iitwayo CDPSvc. Nayo isikusumbue mradi mtandao wako umewekwa Public, jambo tutakalolifikia hapa chini.

Poti 445 inaonyesha PID 4, na tasklist itakwambia ni System. Watu hudhani ni kirusi kilichojificha. Siyo. Kusikiliza kwa SMB hufanyika ndani ya kiini cha Windows, na huduma inayoiamrisha inaitwa Server, au LanmanServer kwa jina la ndani. Kama kompyuta hii haishirikishi folda wala printa kwa nyingine, hii ndiyo ya kwanza kushughulikiwa. Fungua sifa za kadi ya mtandao kupitia ncpa.cpl na uondoe tiki kwenye File and Printer Sharing for Microsoft Networks. Hutapoteza uwezo wa kufungua folda zilizoko kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa kazi hiyo inafanywa na huduma nyingine iitwayo Workstation. Ukiona netstat bado inaonyesha 445, usidhani umeshindwa: tiki imezuia kadi hiyo, lakini msikilizaji hukaa hadi huduma ya Server yenyewe isimamishwe.

SMB ya kwanza ni suala jingine, nayo haina utetezi. Tangu Windows 10 toleo la 1709 haiwekwi kwenye mfumo mpya, lakini kompyuta zilizopandishwa kutoka matoleo ya nyuma zinaweza kuwa nayo bado. Kwenye PowerShell ya msimamizi angalia:

Get-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol

Ikisema Enabled, iondoe:

Disable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol

kisha washa kompyuta upya.

Katika orodha ya UDP utakutana na 137 na 138 za NetBIOS, 5355 ya LLMNR, 5353 ya mDNS na 1900 ya SSDP. Zote hutumika kutafutana majina na vifaa kwenye mtandao wa ndani. Hizo mbili za kwanza, NetBIOS na LLMNR, zina kasoro moja: DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) isipolijua jina, kompyuta huuliza kila aliye karibu, na yeyote anaweza kudanganya kwamba ndiye. Mshambuliaji aliyekaa kwenye Wi-Fi yenu hutumia mwanya huo kukusanya neno la siri lililosimbwa, akaenda kulivunja kwa wakati wake. NetBIOS inazimwa kwenye sifa za IPv4 za kadi, chini ya Advanced, ukurasa wa WINS. LLMNR inazimwa kwa sera iitwayo Turn off multicast name resolution kwenye gpedit (kihariri cha sera za Windows), ambayo Windows Home haina. Huko unalazimika kuhariri rejista. Nyumbani pekee sioni haraka ya kufanya hivyo. Kwenye ofisi yenye wageni wanaoingia Wi-Fi ileile na wafanyakazi, fanya leo.

Dalili: jirani anaona kompyuta yako, au folda zako

Hosteli, mgahawa, kituo cha kazi cha pamoja: mtu anafungua Network na kukuta jina la laptopu yako. Chanzo karibu kila mara ni kwamba siku ulipounganisha Wi-Fi hiyo, ulikubali mtandao uwe Private. Nenda Settings, Network & internet, fungua sifa za mtandao huo na uchague Public. Hapo fayawoli inafunga ugunduzi na ushirikishaji kwa mtandao huo tu, bila kukuharibia wa nyumbani.

Kama folda zenyewe zinafunguka, andika net share. Utaona C$, ADMIN$ na IPC$, ambazo Windows huziweka yenyewe na kumtaka msimamizi. Zisizo na alama ya dola mwishoni ni zenu, na hapo tafuta iliyopewa Everyone. Kwenye steshenari hii ni ya kawaida: folda iitwayo Kazi au Scan, imefunguliwa kwa kila mtu ili mambo yaende haraka, na ndani yake kuna nakala za vitambulisho, vyeti na mikataba ya wateja wa miezi. Wateja hao hawajui kwamba mtu aliyeketi nje na nenosiri la Wi-Fi anaweza kuzisoma. Tengeneza akaunti moja ya kushirikisha yenye neno la siri, mpe hiyo tu ruhusa, na ondoa Everyone.

Dalili: bando linaisha na hujui nani amelila

Poti 7680 ikiwa wazi, huduma ni Delivery Optimization, DoSvc. Windows hugawana vipande vya masasisho kati ya kompyuta. Ikiwekwa kugawana na za mtandao wa ndani tu, ni msaada: ofisi yenye kompyuta sita haipakui kitu kilekile mara sita. Ikiwekwa kugawana na za intaneti, unatumia bando lako kuwapelekea masasisho watu usiowajua. Usizime huduma yenyewe, kwani Windows Update inaitegemea na utazalisha hitilafu za masasisho. Tafuta Delivery Optimization kwenye Settings, kisha funga chaguo la kompyuta za intaneti, au funga kugawana kabisa kama uko peke yako.

Dalili: akaunti inajifunga, au kumbukumbu zimejaa 4625

Hii nitaikalia, kwa sababu hapa ndipo ofisi ndogo zinapoumizwa zaidi.

Mfanyakazi anaandika neno la siri sahihi, Windows inasema akaunti imefungwa. Dakika kumi baadaye inafunguka, kisha inajifunga tena. Windows 11 iliyosakinishwa upya kuanzia toleo la 22H2 hufunga akaunti kwa dakika 10 baada ya majaribio 10 mabaya, kwa hiyo kitu fulani kinajaribu. Fungua Event Viewer, Windows Logs, Security, uchuje kwa namba 4625, yaani kuingia kulikoshindikana. Ndani ya tukio tazama mambo mawili: Logon Type na Source Network Address.

Logon Type 4 au 5 ni kazi ya ratiba au huduma inayotumia neno la siri la zamani. Hakuna mshambuliaji, mtu alibadilisha neno la siri na kuisahau nakala ya data iliyowekwa ijiendeshe usiku. Type 3 kutoka 192.168 ni kompyuta ya ndani. Mara nyingi ni folda iliyohifadhiwa na neno la siri la zamani, lakini kama majina yanayojaribiwa ni mengi na ya ajabu, administrator, admin, test, basi kompyuta hiyo ya ndani imeambukizwa. Ichomoe kwenye mtandao kabla ya kufanya lolote lingine. Type 10, au 3, kutoka anwani za nchi za mbali zinazobadilikabadilika, ni intaneti inayogonga Remote Desktop yako, huduma ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, kwenye poti 3389.

Hilo la mwisho haliwezekani bila mtu kuifungua njia. Mitandao mingi ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, hivyo laptopu iliyo kwenye modemu kwa kawaida haifikiki kutoka nje. Inafikika pale ofisi inapokuwa na fiba yenye anwani ya kudumu, na kwenye ruta kukawekwa kanuni ya kupeleka 3389 ndani ili bosi afanye kazi akiwa nyumbani. Windows Home haiwezi kupokea Remote Desktop, kwa hiyo tafuta kwenye Pro.

Kama hakuna anayeihitaji, zima kwenye Settings, System, Remote Desktop, kisha ufute na ile kanuni kwenye ruta. Kama inahitajika, futa kanuni vilevile na mfanye bosi aingie kwanza kwa VPN, yaani njia ya siri iliyosimbwa hadi mtandao wa ofisi. Kubadilisha 3389 kuwa 3390 au 50000 si ulinzi. Wanaokagua intaneti hukagua poti zote. Mwezi Mei 2019 tundu la BlueKeep kwenye Remote Desktop lilikuwa zito kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, iliyokuwa imeacha kuhudumiwa miaka mitano kabla. Tundu la namna hiyo halitaki neno la siri, kwa hiyo urefu wa neno lako la siri usikupe usingizi.

Angalia pia kumbukumbu namba 4624 za saa zilezile, yaani kuingia kulikofaulu. Ukikuta moja kutoka anwani ileile ya nje, huu mwongozo si wako tena kwa sasa. Hiyo kompyuta imeingiliwa: itenge, badilisha maneno ya siri ukiwa kwenye kifaa kingine, na usiiamini tena hadi isakinishwe upya.

Dalili: kuna programu ya fundi iliyobaki

Fundi alikuja au alisaidia akiwa mbali, akaweka AnyDesk, TeamViewer au mfano wake, kazi ikaisha, programu ikabaki kama huduma inayowaka pamoja na Windows. AnyDesk utaiona ikisikiliza kwenye 7070. Lakini programu hizi hazitegemei poti iliyo wazi. Zenyewe hupiga simu nje kwenye seva za kampuni, hivyo ruta na fayawoli haziwazuii wanaoingia kupitia kwake. Kinachotia wasiwasi ni neno la siri la kuingia bila mwenye kompyuta kuwepo, ambalo fundi aliliweka na pengine amelitumia kwa wateja wake wote. Ondoa programu kabisa. Fundi akihitajika tena, itawekwa upya kwa dakika tano.

Dalili: Apache ya XAMPP haiwaki, poti 80 imeshikwa

Wanafunzi wa programu wanaifahamu. XAMPP ni kifurushi cha kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako, chenye seva ya tovuti ya Apache na hifadhidata ya MySQL. netstat inaonyesha poti 80 imeshikwa na PID 4, System tena. Mara nyingi ni IIS, seva ya tovuti ya Windows, iliyowashwa wakati fulani na kusahaulika. Huduma yake ni World Wide Web Publishing Service. Andika netsh http show servicestate uone nani amejiandikisha, kisha izime kupitia Turn Windows features on or off.

Ukiwa hapo, tazama na upande wa XAMPP yenyewe. MySQL yake inakuja na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, asiye na neno la siri, na kama 3306 iko 0.0.0.0, mtu yeyote kwenye Wi-Fi ya chuo anaweza kuigonga. Kwenye my.ini, chini ya [mysqld], weka bind-address="127.0.0.1". Kwenye Apache badilisha Listen 80 iwe Listen 127.0.0.1:80. Tovuti unayoitengeneza itaendelea kufunguka kwako kama kawaida.

Umezima, sasa kitu kimegoma

Kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254 na haina intaneti: umezima DHCP Client. Orodha ya Wi-Fi imepotea kabisa: WLAN AutoConfig. Hizi mbili, pamoja na DNS Client, Network List Service, Base Filtering Engine na Windows Defender Firewall, haziguswi. Nimetaja fayawoli makusudi, kwa sababu wapo wanaoisimamisha huduma yake ili printa ionekane. Kama printa haionekani, fungua kanuni moja ya printa.

Printa yenyewe imegoma, na hata kuhifadhi kama PDF kwa Microsoft Print to PDF hakufanyi kazi: ni Print Spooler. Huduma hii ilikuwa na tundu la PrintNightmare mwaka 2021, lililomwezesha mtu wa mtandaoni kuendesha programu kwa mamlaka yote ya mfumo. Kompyuta isiyochapa kabisa, mfano seva, izimiwe huduma hii. Inayochapa yenyewe tu iachiwe Spooler, ila kwenye gpedit, sehemu ya Printers, weka Disabled kwenye Allow Print Spooler to accept client connections. Itachapa, lakini haitapokea kutoka kwa wengine.

Fotokopi kubwa iliyokuwa inatuma skani kwenye folda imeacha kutuma. Mashine nyingi za zamani zinajua SMB ya kwanza tu. Ukijaribu kufungua kifaa cha namna hiyo kutoka Windows, utaambiwa kwamba folda inahitaji itifaki ya SMB1 iliyopitwa na wakati. Usiirudishe SMB ya kwanza kwa ajili ya skana. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya mashine utafute SMB2, au masasisho ya mashine yenyewe. Yakikosekana, skani kwenye flashi au kwa barua pepe. Kama hukugusa SMB na tatizo lilianza baada ya kupata Windows 11 toleo la 24H2, chanzo ni tofauti: toleo hilo linataka mawasiliano ya SMB yawe na sahihi, na kwenye Pro linakataa kuingia kama mgeni asiye na neno la siri. Hapo mpe skana akaunti yake.

Umezima, asubuhi imerudi

Kwenye Windows, Manual haimaanishi imezimwa. Inamaanisha isiwake yenyewe, lakini programu nyingine ikiiita itaamka. Ukiona Manual (Trigger Start) kwenye services.msc, kuna tukio linaloiamsha, na sc.exe qtriggerinfo ikifuatiwa na jina la huduma litakuonyesha. Isiyohitajika kabisa, kama Remote Registry, iwekwe Disabled:

sc.exe config RemoteRegistry start= disabled

Nafasi baada ya alama ya sawasawa ni lazima, na .exe ni lazima pia ukiwa PowerShell ya kawaida ya Windows, kwani humo sc peke yake ni amri nyingine inayoandika kwenye faili. Huduma ya programu ya nje ikirudi hata baada ya Disabled, tazama Task Scheduler. Programu nyingi huweka kazi ya kujirekebisha. Hiyo iondolewe kwa kusakinua programu.

Kwenye Linux chanzo ni soketi: mfumo husikiliza kwa niaba ya huduma na kuiamsha mtu akigonga. Tazama kwanza kwa sudo ss -tulpn. Tuseme umeona CUPS, huduma ya kuchapa, kwenye 631 na ukaandika systemctl disable --now cups. Systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, yenyewe inakuonya kwamba bado inaweza kuamshwa na cups.socket na cups.path, onyo ambalo wengi hulipita. Zima zote:

sudo systemctl disable --now cups.service cups.socket cups.path

Angalia na cups-browsed, iliyokuwa ikisikiliza UDP 631 kwenye kadi zote na kukutwa na matundu Septemba 2024. Rpcbind kwenye 111 ina soketi yake, na avahi-daemon kwenye 5353 ina yake. Tangu Ubuntu 22.10 hata SSH, huduma ya kuingia ukiwa mbali, huamshwa na ssh.socket, kwa hiyo kuzima ssh.service peke yake hakufungi poti 22. Orodha nzima unaipata kwa systemctl list-sockets. Inayoendelea kuamshwa na nyingine, itie mask (systemctl mask), isiweze kuwashwa na chochote. Ila 127.0.0.53 kwenye poti 53 iache. Ni systemd-resolved, na ukiizima majina ya tovuti hayatapatikana.

Fayawoli inasema imefungwa, nmap inasema iko wazi

Kama ni seva ya Linux yenye Docker, mfumo wa kuendesha programu ndani ya vifurushi viitwavyo kontena, sababu ni moja. Docker huandika kanuni zake za iptables zinazotangulia zile za ufw, fayawoli ya Ubuntu. Ukianzisha kontena kwa -p 3306:3306, hifadhidata iko wazi kwa dunia hata kama ufw status inaonyesha 3306 imekataliwa. Andika -p 127.0.0.1:3306:3306, kisha uunde kontena upya.

Kama ni kompyuta ya nyumbani na ukaguzi kutoka nje unaonyesha poti usiyoifungua, tazama ruta. UPnP ikiwa imewashwa, programu yoyote ya ndani inaweza kuiomba ruta ifungue njia, nayo ikakubali bila kukuuliza. Izime, na zima usimamizi wa ruta kutoka upande wa intaneti. Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, kwenye poti 23 ifuate: mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi kwa kugonga Telnet na kujaribu maneno ya siri ya kiwandani. Usipoona pa kuizima kwenye ukurasa wa ruta, mwulize aliyekuletea intaneti, kwa sababu baadhi ya mipangilio hiyo huwa imefungiwa upande wake.

Ikibaki poti moja ambayo PID yake haina jina la huduma, tafuta faili lenyewe. Kwenye Task Manager, ukurasa wa Details, bofya kulia mchakato huo na uchague Open file location. Faili lililoko ndani ya Program Files au System32 lenye sahihi ya kampuni inayojulikana lina maelezo yake, utayapata. Lililoko kwenye AppData, Temp au Public, halina sahihi, na linasikiliza kwenye 0.0.0.0, usilizime na kuendelea na kazi. Chomoa waya wa mtandao, piga picha ya skrini kwa simu, na ukague kompyuta nzima kwa Microsoft Defender Offline kabla ya kuiunganisha tena.